Mtu Anapozidiwa na Dawa za Maruweruwe: Jinsi ya Kukesha Naye

Anza na saa. Kabla hujamshika mkono, kabla hujamwambia atulie, tazama ni saa ngapi, kisha uulize waliokuwa naye: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na amechanganya na nini. Majibu ya maswali hayo manne ndiyo yatakayokuonyesha kama kazi iliyo mbele yako ni kukaa kitako na kungoja, au ni kupiga simu ya dharura sasa hivi. Yaandike kwenye karatasi. Usiyaweke kichwani, maana baada ya saa tano za kukesha kichwa chako nacho kitakuwa kimechoka.

Mwongozo huu unahusu saikedeliki, yaani dawa zinazogeuza namna ubongo unavyoona, unavyosikia na unavyojitambua: LSD ambayo wengi huiita asidi, uyoga wenye silosaibini, meskalini na DMT. Umeandikwa kwa ajili ya yule aliyebaki na akili zake chumbani wakati mwenzake amezidiwa. Tumwite mwangalizi. Si lazima awe daktari wala mshauri. Inatakiwa awe mtu asiyelewa, asiye na haraka, na anayeweza kukaa kimya bila kuhangaika. Sifa hiyo ya tatu ndiyo adimu.

Kwanza mwili, akili baadaye

Hofu kali na sumu mwilini hufanana kwa nje. Mtu anatetemeka, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, anasema anakufa. Tarehe 19 Aprili 1943, mjini Basel, mkemia Albert Hofmann alimeza mikrogramu 250 za LSD aliyoitengeneza mwenyewe, na jioni ile aliamini kwamba anakufa au ameingiwa na wazimu. Daktari aliyeitwa kumpima hakukuta la ajabu ila mboni za macho zilizopanuka mno. Wengi utakaokesha nao watakuwa hivyohivyo. Lakini huwezi kulijua hilo kabla hujapima.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima, ukitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Mwenye hofu atapita hapo, na hilo si tatizo. Tatizo ni kupungua. Saikedeliki zenyewe hazizimi pumzi, kwa hiyo ukikuta anapumua chini ya mara 10, au anakoroma kwa sauti ya kama maji yanayochemka, au midomo imegeuka rangi, jua kuna kitu kingine ndani yake: pombe nyingi, vidonge vya usingizi, au dawa za jamii ya heroini. Mboni zikiwa ndogo kama tundu la sindano, shuku heroini au fentanili. Kama naloksoni ipo, yaani dawa inayozimua heroini na jamii yake, mpe huku simu ya dharura imeshapigwa.

Mapigo ya moyo yahesabu kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Kati ya 90 na 110 kwa mtu mwenye hofu ni kawaida. Yakibaki juu ya 120 kwa zaidi ya nusu saa ilhali amekaa tu, tafuta msaada.

Joto ndilo linalosahaulika. Tumia kipimajoto cha kwapani kama kipo. Kama hakipo, weka kiganja chako mgongoni mwake, chini ya nguo. Ngozi inayounguza, pamoja na misuli iliyokakamaa na miguu inayorukaruka, huashiria kwamba serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kwenye ubongo na neva, imepita kiasi, na hiyo huua. Kuna kipimo cha mkono ambacho wahudumu hukitumia. Goti likiwa limekunjwa kidogo, shika unyayo, usukume vidole kuelekea kwenye goti kwa mkupuo mmoja, kisha ushikilie hapo. Mguu wa kawaida hutulia. Ukianza kudunda wenyewe, tap-tap-tap, na usiache, usingoje dalili nyingine.

Piga simu ya dharura bila kujadiliana na mtu ukiona mojawapo ya haya:

- haamki ukimwita na kumfinya bega, au pumzi zimepungua kama tulivyoeleza;
- degedege, hata kama limekwisha;
- joto la nyuzi 39 au zaidi, au mwili mkavu unaounguza;
- maumivu ya kifua, au ameanguka akagonga kichwa;
- anataka kujiua au kumdhuru mtu, na huna uwezo wa kumkinga.

Ukipiga, sema ukweli wote: umri wake, alichokula, saa aliyokula, na namba ulizozipima. Woga wa polisi huwafanya watu waseme "amekula chakula kibaya," na mhudumu anapoteza nusu saa akitafuta ugonjwa usiokuwepo. Wakati unasubiri, aliyezimia lakini anapumua mlaze ubavu: mkono wa chini umenyooka mbele, goti la juu limekunjwa kama nguzo, kidevu kimeinuliwa kidogo ili matapishi yatoke nje badala ya kurudi kooni. Mwenye degedege usimtie kitu mdomoni wala usimbane. Ondoa vitu vigumu karibu na kichwa, na uhesabu dakika.

Saa inasemaje

Mwili ukiwa salama, saa inakuwa rafiki yako. LSD huanza kati ya dakika 30 na 90 baada ya kumezwa, hufika kileleni kwenye saa ya tatu hadi ya tano, na huchukua jumla ya saa 8 hadi 12. Uyoga ni mfupi zaidi: huanza ndani ya dakika 20 hadi 60, humtoka mtu baada ya saa 4 hadi 6. Meskalini inakaribiana na LSD. DMT ikivutwa kama moshi haimalizi nusu saa. Ikinywewa ndani ya ayawaska, kinywaji kinachopikwa kwa mimea, huchukua saa nne au zaidi. Kwa hiyo aliyekula uyoga saa 3 usiku na anapiga mayowe saa 5, yuko kileleni. Ifikapo saa 7 atakuwa anateremka. Hofu haijui hilo, wewe unalijua, na mengi utakayomwambia usiku huo yatatokana na hesabu hiyo.

Kosa la kawaida kuliko yote hufanyika mapema: mtu anangoja dakika 40, haoni kitu, anasema "ya bandia hii," anaongeza nyingine. Zote mbili zinapanda pamoja. Ukigundua aliongeza, anza kuhesabu upya kuanzia ile ya pili.

Na kama mambo hayafuati saa, pengine dawa si ile aliyoambiwa. Karatasi ya LSD haina ladha inayotajika. Ikiwa ilikuwa chungu sana na ikamtia ganzi ulimi, huenda ni NBOMe, kundi linalouzwa kwa jina la LSD na ambalo limeua watu kwa degedege na joto. Mtu wa namna hiyo mwangalie joto kila dakika 15. Dawa ya kupimia iitwayo Ehrlich hugeuka zambarau ikikutana na LSD au silosaibini na haigeuki ikikutana na NBOMe, lakini haisemi kiasi, wala haioni vingine vilivyochanganywa. Zambarau isikufanye ulegee.

Kuna jambo moja linalofanana na saikedeliki ambalo si la kukesha nalo nyumbani hata kidogo: mnanaha na mimea ya jamii yake. Aliyekula uyoga huona kuta zinapumua na kwa kawaida anajua ni uyoga. Aliyekula mnanaha anazungumza na shangazi aliyefariki, anavuta sigara isiyokuwepo mkononi, na hajui kabisa kwamba amekula kitu. Mdomo umemkauka, ngozi nyekundu na ya moto, mkojo hautoki, na anaweza kuwa hivyo siku mbili. Huyo apelekwe hospitali.

Michanganyiko ya kuulizia kwa jina, kwa sababu watu hawaihesabu kama "dawa":

Lithiamu, inayotolewa kwa wenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), ikikutana na LSD au uyoga huweza kuleta degedege. Tramadoli, dawa ya maumivu, nayo humsogeza mtu karibu na degedege. Ayawaska ina kitu kinachozuia kimeng'enya cha kuvunja serotonini kisifanye kazi. Ikikutana na vidonge vya sonona, na MDMA (ekstasi), au na baadhi ya dawa za kikohozi, ndipo serotonini inapofurika. Vidonge vya kawaida vya sonona vikiwa na uyoga huwa havileti sumu, ila hupunguza makali, na mtu anajikuta ameongeza kiasi mara mbili. Wengine huacha vidonge ghafla wiki moja kabla ili "wapate makali". Hao ukiwapokea, jua unashughulika na mambo mawili, dawa waliyokula na sonona inayorudi. Bangi inayovutwa kileleni "ili kutuliza" hufanya kinyume mara nyingi mno.

Kwa MDMA kuna hatari ya pande mbili: joto, na maji kupita kiasi. Anayecheza dansi asizidishe nusu lita kwa saa, aliyekaa robo lita inamtosha, kwa mafundo madogo. Kuumwa sana kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa baada ya kunywa lita kadhaa ni hali ya hospitali, maana chumvi ya damu imeshuka.

Chumba

Zima taa ya juu, acha ndogo ya pembeni. Giza totoro huzipa picha nafasi ya kutawala. Mwanga mkali humchoma kwa sababu mboni zimepanuka. Muziki uwe wa taratibu na usio na maneno, au usiwepo. Watu wapungue wabaki wawili. Kundi la wanaonong'ona mlangoni ni chakula cha wasiwasi: kila mnong'ono anausikia kuwa ni wake.

Kisha zunguka kwa macho ya mtu anayelinda mtoto mdogo. Visu, mishumaa, jiko, funguo za gari, dirisha la ghorofani. Mlango wa choo usifungike kwa ndani. Simu yake ihifadhiwe, si kwa kumnyang'anya: mwambie, "Naiweka hapa kwenye rafu, ukiitaka niambie." Simu moja kwa bosi au kwa mpenzi wa zamani saa 8 usiku huacha kazi kubwa ya kusafisha kuliko dawa yenyewe. Weka godoro sakafuni, blanketi mbili, ndoo, kitambaa kilicholoweshwa, na kikombe cha plastiki chenye maji kidogo. Cha plastiki, kwa sababu kitaanguka.

Halafu bandika karatasi kubwa mahali anapoweza kuiona:

*JINA LAKO NI ____. ULIKULA ASIDI SAA 2 USIKU. INAISHA ALFAJIRI. UKO SALAMA. NIKO HAPA MLANGONI.*

Inaonekana kama mchezo. Lakini mtu anayezunguka kwenye swali lilelile kila dakika tatu ("Nini kimetokea? Itaisha?") huisoma karatasi hiyo mara arobaini, na kila mara inamjibu bila kuchoka, tofauti na wewe.

Kukaa

Kaa chini, kwa pembeni, kichwa chako kikiwa usawa wa chake au chini yake, umbali wa mkono mmoja. Kusimama mbele yake kunamfanya akuone kama askari. Usimkazie macho. Sema kidogo, polepole, sauti ya chini, sentensi fupi. Baada ya kusema, subiri. Jibu lake laweza kuchukua dakika nzima kufika.

Mfano wa mazungumzo yanayokwenda vizuri:

— Nakufa.
— Nimekusikia. Nimekupima sasa hivi: moyo unapiga 96, pumzi ziko sawa. Ulikula uyoga saa 3. Hofu hii imeletwa na uyoga.
— Itaisha?
— Itaisha. Saa 7 utakuwa umeteremka. Mimi sibanduki hapa.
— Ukuta unanitazama.
— Unakutazama vipi?

Tazama kilichokosekana hapo. Hakuna "tulia." Neno hilo halijawahi kumtuliza mtu, linamwambia tu kwamba hata kutulia kumemshinda. Hakuna "ukuta haukutazami." Ukibishana na anachokiona, unamwachia njia mbili: wewe ni mwongo, au yeye ni mwendawazimu, na zote mbili zinamzamisha. Huna haja ya kukubali kwamba ukuta una macho. Uliza tu ukoje. Wengi wakishaeleza kitu kwa maneno, kitu chenyewe kinapungua ukubwa.

Vilevile usimwongoze. Kazi yako si kumfasiria anachokiona wala kumchokoza kuhusu utoto wake au ndoa yake kwa kuwa leo "amefunguka." Akianza mwenyewe kulia juu ya baba yake, mwache alie, mpe kitambaa. Kulia kwa saa nzima si dharura. Kinachomchosha mtu ni kupambana: kuizuia hali isije, kujilazimisha arudi kawaida kabla ya wakati. Ukiona anapambana, mwambie anaweza kuiacha ipite, kama mtu aliyelala chali juu ya maji.

Kama anapumua haraka mpaka vidole vinamfa ganzi, na ganzi hiyo inamthibitishia kwamba anakufa, pumua naye: ndani kwa hesabu ya 4, nje kwa hesabu ya 6, kwa sauti inayosikika. Usimwamrishe. Fanya wewe, dakika tano, naye atadandia mwenyewe. Lile zoezi maarufu la kutaja vitu vitano unavyoviona halifai kileleni. Linamtuma akategemee macho, na macho ndiyo yanayomdanganya. Tumia ngozi badala yake: avue soksi, akanyage sakafu, blanketi zito mabegani, kitambaa baridi kisogoni, kijiko cha chuma akishike.

Vyote vikigoma, badilisha kitu kimoja tu. Chumba kingine, au wimbo mwingine, au kutoka kulala kwenda kukaa. Mara nyingi mtu aliyekwama dakika 40 kwenye wazo moja huchomoka kwa kuhamia tu kiti cha upande wa pili. Lakini kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu, hatajua yuko wapi.

Kumgusa: uliza kwanza, kila mara, hata kama dakika kumi zilizopita alikubali. Mkono kwa mkono, au kiganja begani, basi. Aliye kwenye hali hii hawezi kuridhia ngono, hata akiomba yeye, hata kama ni mpenzi wake. Na kama mmojawapo wa waliopo chumbani anapenda mno kubaki naye peke yake mlango ukiwa umefungwa, mwangalizi ana ruhusa ya kuwa mkali.

Anapokwenda kombo

*Anakushuku wewe.* Jirani aliyemletea Hofmann maziwa jioni ile alionekana kwake kama mchawi mwenye kinyago, na alikuwa mama wa watu aliyekuja kusaidia. Usijitetee. Sema, "Naona huniamini sasa hivi. Nitakaa pale mbali kidogo. Unataka fulani aje?" Kama kuna mwingine, badilishaneni. Kuchukiwa kwa saa mbili hakumpunguzii mtu heshima.

*Anavua nguo.* Joto, au nguo zinamkwaruza. Mfunike kwa shuka, ondoa watazamaji, zuia simu zisipige picha.

*Anataka kuondoka.* Usizibe mlango kwa mwili. Toka naye, tembea pembeni yake, hatua moja nyuma, ukiwa upande wa barabara. Mzunguko wa nyumba mara tatu mara nyingi unatosha. Maji ya aina yoyote, barabara kuu na sehemu za juu ndizo pekee za kumzuia kwa nguvu, na hapo zuia kwa watu wawili, muda mfupi iwezekanavyo. Usimlaze kifudifudi wala usimkalie mgongoni, hata kwa dakika moja. Mtu mwenye joto na moyo unaokimbia, akibanwa kifua sakafuni, anaweza kuacha kupumua mikononi mwenu huku mkidhani ametulia.

*Amenyamaza kabisa, macho wazi.* Hili huwatisha waangalizi wapya kuliko mayowe. Pima pumzi na mapigo, mwambie jina lako na saa, mwache. Rudia baada ya dakika 15. Kama hata kumfinya bega hakumgusi, hiyo si njozi tena. Rudi kwenye orodha ya juu.

Maziwa, sukari na vidonge vya kabatini

Hofmann alikunywa zaidi ya lita mbili za maziwa kama kizimua sumu. LSD haikujali. Sukari, ndimu, kahawa, maji baridi ya kichwani, kujitapisha: hakuna hata kimoja kinachofupisha safari, na maji baridi yanaweza kuigeuza. Kujitapisha baada ya nusu saa hakuna maana tena, na kwa aliyelewa ni hatari ya kupaliwa. Glasi ya juisi isiyo kali haina ubaya; thamani yake ni kwamba ni kitu cha kufanya.

Hospitalini hutumia diazepamu au dawa ya jamii hiyo, nayo hutuliza kweli. Lakini hawaitoi kabla hawajajua kilicho tumboni, wakiwa na kifaa cha kusaidia pumzi pembeni. Kidonge cha usingizi cha bibi, juu ya pombe na kitu kisichojulikana, ni kisa cha pili juu ya cha kwanza.

Zinapoanza kumtoka

Utajua kwa vitu vidogo: anauliza saa na kulikumbuka jibu, anacheka kwa sababu inayoeleweka, anaomba chakula. Hali huja kwa mawimbi, kwa hiyo dakika 20 za utulivu zisikupeleke nyumbani. Mpe chakula chepesi. Usingizi utachelewa, hasa kwa asidi. Alale tu macho wazi, usimlazimishe. Asiendeshe chombo chochote mpaka alale usiku mzima.

Wewe nawe ule, uende choo, na baada ya saa tatu au nne umpokeze mtu. Mwangalizi aliyechoka huanza kusema "tulia."

Kesho yake muulize maswali mawili: umelala, na umekula? Kuhusu aliyoyaona, sikiliza akitaka kusema na usimpe maana yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha majibu ya watu 1,993 waliosimulia tukio lao gumu zaidi la uyoga: asilimia 39 waliliweka kwenye matano magumu kuliko yote maishani mwao, na asilimia 84 walisema liliwafaa. Namba hiyo ya pili inapendwa kunukuliwa. Inayonukuliwa kidogo ni ya asilimia 11 waliojiweka wenyewe au wengine kwenye hatari ya kuumia, na hiyo ndiyo inayokuhusu wewe unayekaa mlangoni. Kumbuka pia ni watu waliojitokeza wenyewe kujaza dodoso. Aliyevunjika kabisa hana hamu ya kujaza dodoso.

Kwa wiki mbili asifanye uamuzi mkubwa. Kuacha kazi, kuvunja ndoa, kuuza alichonacho, kuacha dawa za akili alizoandikiwa: yote yanaweza kusubiri siku 14. Kama aliacha vidonge vyake ili ale uyoga, arudi kwa aliyemwandikia kabla ya kuvianza upya kwa kiasi kilekile. Vivuli na mistari inayobaki machoni kwa siku chache hupungua yenyewe kwa wengi, mradi aache bangi na kingine chochote cha kulevya. Ikipita wiki kadhaa, amwone daktari.

Yasiyosubiri wiki ni haya: usiku mbili bila usingizi na bado ana nguvu tele, sauti anazozisikia wakati dawa imeshakwisha, imani kwamba anafuatwa au ametumwa, kusema maisha hayana haja. Uzito unaongezeka kama yeye au ndugu wa damu ana skizofrenia au baipola, na swali hilo liulizwe waziwazi, kwa mama mzazi ikibidi. Mpeleke mwenyewe, usimpe tu anwani. Beba ile karatasi uliyoiandika usiku, yenye saa na vipimo, uiweke mbele ya daktari, na kama mwenzako hawezi kusema dakika tano za mwanzo, zisemee wewe.